Kukiri Mbele ya Hadhara

Kuna kipindi ambacho Jumamosi jioni nyumba yangu haikuwa yangu. Mjukuu wangu alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hapa Morogoro, na kila mwisho wa juma alikuja na wenzake wawili. Walikaa barazani, wakanywa chai ya bibi yao kwa mihogo ya kukaanga, kisha wakaanza kubishana. Mimi nilikuwa na kiti changu karibu na mlango, na gazeti langu. Mzee mwenye gazeti mkononi husikia mengi, maana vijana hudhani anasoma.

Mabishano yao ya Simba na Yanga nilikuwa nimeyazoea. Lakini kuanzia katikati ya Mei 2022 walibishana karibu mwezi mzima juu ya jambo moja tu, nalo ni albamu mpya ya mwanamuziki wa Marekani, Kendrick Lamar. Tena hawakubishana kwa vicheko kama ilivyo desturi ya mashabiki. Walibishana kwa sauti ya chini na nyuso zilizokunjamana, kama ndugu wanaogawana mashamba ya marehemu. Hilo ndilo lililonifanya niweke gazeti chini.

Kabla sijaendelea, yanipasa nieleze kwa nini mzee wa umri wangu ajishughulishe na muziki wa kufokafoka. Kwa miaka mingi sikujishughulisha nao. Nilikuwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu, na muziki huo ulipoingia katika mabweni yetu miaka ya tisini niliuhesabu pamoja na suruali za kuning'inia na uvivu. Mwaka 2001 ndipo nilipomkuta mwanachuo mmoja akiwasikilizisha wenzake kanda ya Professor Jay. Nilisimama dirishani nikiwa na nia ya kuichukua. Wimbo uliokuwa ukipigwa ni "Ndiyo Mzee", ule unaomwigiza mwanasiasa akimwaga ahadi mbele ya watu nao wakimwitikia. Niliusikiliza hadi mwisho, nikaondoka bila kuigusa kanda ile. Nilikuwa nimetumia saa nyingi darasani kueleza maana ya tashtiti. Kijana yule wa mjini aliieleza kwa dakika chache. Sikuwa mpenzi wa muziki huo, lakini tangu siku hiyo sikuuita tena kelele.

Turudi barazani. Kendrick Lamar alizaliwa mwaka 1987 katika mji wa Compton, jimbo la California. Mwaka 2015 alitoa albamu iliyokuwa na wimbo "Alright", na waandamanaji waliokuwa wakipinga watu weusi kuuawa na polisi wakauimba barabarani kana kwamba ni wimbo wao wa taifa. Albamu yake ya 2017, DAMN., ilimpatia mwaka uliofuata tuzo ya Pulitzer ya muziki, tuzo ambayo hadi wakati huo haikuwa imepata kutoka nje ya muziki wa klasiki na jazi. Kisha akanyamaza. Katika wimbo wa kwanza wa albamu ya 2022 ametaja mwenyewe hesabu ya kimya chake: siku 1,855.

Katika siku hizo dunia ilipata mengi. Korona ilikuja. George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, Mei 2020. Mashabiki wakangoja sauti yao iseme. Tarehe 13 Mei 2022 ilisema, kwa nyimbo 18 zilizogawanywa katika sehemu mbili za nyimbo tisa tisa, chini ya jina la Mr. Morale & the Big Steppers. Na ilisema habari za nyumbani kwake. Alieleza jinsi baba yake alivyomlea kwa ukali hadi akajifunza kuficha maumivu. Alikiri kwamba hakuwa mwaminifu kwa mwanamke aliyemzalia watoto. Alisimulia jinsi mama yake alivyodhulumiwa, na jinsi yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alivyohojiwa na watu wa kwao kama ndugu mmoja amemharibu, akasema hapana, asiaminiwe. Tena upo wimbo ambao ndani yake anawaambia wasikilizaji wazi kwamba yeye si mwokozi wao. Katika picha ya jalada amesimama na taji la miiba kichwani, amembeba mtoto, na bastola imeonekana kiunoni. Nyuma yake mama watoto wake ameketi kitandani na kichanga.

Mjukuu wangu alishika upande wa kusifu. Alisema hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za msanii yule, maana kuisema serikali ni rahisi, na kujisema mwenyewe ni kazi ya mtu shujaa.

Rafiki yake, kijana mrefu aliyelelewa na mama peke yake, alipinga. "Alright" ndiyo iliyomvusha kidato cha tatu, mwaka ambao alitaka kuacha shule. "Babu, tumemngoja miaka mitano," aliniambia alipoona nimeweka gazeti chini. "Watu wanakufa, yeye anakuja kutueleza habari za chumbani kwake. Hata midundo yenyewe huwezi kuipiga kwenye sherehe. Kinanda, kinanda, kinanda."

Wa tatu alikuwa binti, anayesomea ualimu. Yeye hakuwa upande wowote, na nilimsikiliza zaidi kwa sababu hiyo. Alisema nyimbo nyingine zilimliza. Kisha akauliza, mtu asiyetaka kuitwa mwokozi, taji la miiba la nini? Akauliza na jingine zito zaidi. Albamu ile inalia juu ya wanawake waliodhulumiwa, lakini imemkaribisha msanii mwingine ambaye mwaka mmoja kabla alikiri mahakamani kosa la kumshambulia msichana. "Unawezaje kulilia jeraha la mama yako," alisema, "na mezani umemkalisha aliyemjeruhi binti wa mwenzako?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba mjukuu wangu aniandikie maneno ya nyimbo zile, maana masikio yangu hayafuati tena Kiingereza cha mbio. Nilisoma kwanza kama nisomavyo mashairi, kisha nikasikiliza. Yako matusi ambayo sikupata kuyasikia hata sokoni. Upo wimbo mmoja ambamo mwanamume na mwanamke wanatukanana karibu dakika sita mfululizo. Kati ya babu na mjukuu utani unaruhusiwa, lakini hayo yalivuka mipaka ya utani; niliinuka nikasema nakwenda kumwagilia mchicha. Nilirudi ulipokwisha. Wimbo wa karibu na mwisho, ule wa habari za mama yake, ni wa kinanda cha taratibu na sauti ya msanii mwenyewe ikinong'ona kama mtu aliye mbele ya kaburi. Huo niliusikiliza hadi mwisho, na tulipomaliza hakuna aliyesema neno.

Tuanze na lawama ya kijana mrefu, kwa kuwa ndiyo lawama ya wengi. Msanii anadaiwa nini na wampendao? Katika ualimu nimeiona lawama hiyo kwa sura nyingine. Mwanafunzi anarudi baada ya miaka 20, anataka akukute na koti lilelile na utani uleule. Akikukuta umebadilika anasononeka kama mtu aliyeibiwa. Kwa hakika kinachomuuma ni kwamba yeye mwenyewe hayuko tena katika lile dawati la mbele. Kijana wetu alikuwa akimlilia mvulana wa kidato cha tatu, na hakuna albamu ambayo ingemrudisha mvulana yule.

Lakini nisiifanye lawama yake kuwa ya kitoto. Aliyekubali kubebwa mabegani siku ya shangwe hawezi kusema kwamba hakuomba kubebwa. Msanii yule aliimba kwa niaba ya watu wake, akasifiwa kwa hilo, akalipwa kwa hilo. Mtu wa namna hiyo ana deni. Nimefikiri sana, nikaona kwamba deni lenyewe ni ukweli. Habanwi kubaki alivyokuwa, ila akibadilika anabanwa kusema wazi kwamba amebadilika, asiwauzie watu sura ya jana. Kwa kipimo hicho Lamar alilipa. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba hawezi kuwabebea mzigo wao, na alijua kwamba baadhi yao wangeondoka. Anayeondoka naye ana haki yake. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Lakini yalitokea baadaye mambo yaliyonifanya nisiwaamini sana mashabiki, nami nikiwamo. Mwaka 2024 Lamar aliingia katika ugomvi wa nyimbo na msanii mwenzake, Drake wa Kanada. Wimbo wake mmoja katika ugomvi huo, "Not Like Us", ulizoa tuzo tano za Grammy Februari 2025, na wiki moja baadaye akaimba mbele ya dunia nzima wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani mjini New Orleans. Kijana mrefu alinipigia simu. "Babu, amerudi!" alisema kwa furaha kubwa. Nami nilifurahi pamoja naye. Baada ya kuweka simu chini ndipo nilipowaza: mtu huyu alipopiga magoti tuligawanyika, na alipompiga mwenzake tukashangilia wote. Sijui kama hilo linamhukumu yeye au linatuhukumu sisi.

Lawama ya binti ni nzito zaidi, maana inahusu kukiri kwenyewe. Lugha yetu ina methali mbili ambazo nimewafundisha walimu kwa miaka mingi bila kuona kwamba zinapigana. Ya kwanza yasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ya pili yasema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Moja inatuhimiza tufunue; nyingine inatufundisha kwamba kuna uchi ambao heshima yake ni kufunikwa, na aliyeuona hunyamaza hadi kufa. Kukiri mbele ya hadhara kunasimama kati ya methali hizo mbili. Kunaweza kuwa tiba. Kunaweza pia kuwa mtu anayevua nguo za watu wa nyumbani mwake ili yeye aonekane jasiri.

Nadhani maswali mawili yanaweza kutusaidia. La kwanza, aibu inayofunuliwa ni ya nani? La pili, aliyekosewa amesikilizwa kabla ya umati? Nikiipima albamu ile kwa maswali hayo, naiona haina hukumu moja. Mwanamke aliyekosewa, Whitney Alford, sauti yake imo ndani ya nyimbo, na sura yake imo katika jalada. Hakusimuliwa tu, alikuwapo. Hapo nampa msanii heshima yake. Upo wimbo mwingine wa jamaa zake wawili waliobadili jinsia, ambamo anaeleza alivyosimama kanisani kumtetea mmoja wao mbele ya mhubiri. Nia ilikuwa njema, lakini wako waliosema kwamba maneno aliyoyatumia kusimulia yanawajeruhi walewale anaowatetea, na sauti za jamaa hao hatuzisikii. Na yule msichana aliyeshambuliwa na msanii mgeni, yeye hana mahali popote. Kwa hiyo binti alikuwa na haki, na mjukuu wangu alikuwa na haki, kila mmoja kwa nyimbo zake. Nilipowaambia hivyo waliniona kama mwamuzi anayetoa sare.

Ningeweza kuishia hapo, na makala hii ingekuwa ya hekima na isiyonigharimu kitu. Lakini Jumamosi moja ya Juni mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, ungekuwa wewe ungeyasema?"

Nilimjibu papo hapo, kwa ile sauti yangu ya paredi, kwamba mwalimu ni kioo cha jamii na hana budi kuilinda heshima yake. Vijana wakaitikia kwa adabu. Usiku ule sikupata usingizi.

Ndugu msomaji, mwaka 1988 nilikuwa Mkuu wa chuo kimoja katika nyanda za juu za kusini. Kila Jumatatu nilisimama mbele ya wanachuo nikawaambia maneno hayohayo ya kioo. Na katika ofisi yangu, droo ya chini ya kabati la mafaili, nyuma ya taarifa za ukaguzi, palikuwa na chupa. Nilikunywa usiku, peke yangu, mlango umefungwa, karibu kila siku kwa miaka saba. Hakuna mwanachuo aliyepata kunikuta nimelewa, wala mwalimu. Nilijivunia hilo. Nilidhani ndiyo heshima yenyewe.

Masika ya mwaka huo mwalimu wa zamu alimleta kwangu kijana wa mwaka wa pili aliyekutwa amelewa ulanzi wakati wa masomo ya jioni. Alikuwa mtoto wa wakulima, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuoni. Hakuwa na kosa jingine katika faili lake. Kikao cha nidhamu kilipendekeza asimamishwe masomo wiki mbili. Mimi nikasimama, nikasema maneno makali juu ya hadhi ya ualimu, nikauliza kama wenzangu wangekubali watoto wao wafundishwe na mlevi. Nilisema vizuri sana. Kikao kikageuka, kijana akafukuzwa, na barua niliisaini mwenyewe. Aliondoka asubuhi na sanduku lake la bati kichwani, miezi minne kabla ya mtihani wa mwisho. Nilimtazama kutoka dirishani hadi akapita geti. Usiku ule nilifungua droo ya chini.

Kwa nini wiki mbili hazikunitosha? Jibu nililijua siku ileile. Kijana yule alikuwa amelewa hadharani, nami nililewa faraghani, na kila nilivyomwadhibu zaidi ndivyo nilivyojiona niko mbali naye.

Pombe niliacha mwaka 1993, kwa jitihada za mke wangu, ambazo si zangu kuzisimulia. Nilipostaafu mwaka 2009 nilianza kuulizia habari za kijana. Ilinichukua muda kumpata mtu wa kwao. Akanieleza kwamba yule bwana alikuwa akilima na kupasua mbao, hakupata kufundisha hata siku moja, na alifariki mwaka 2004. Nikashukuru kwa taarifa, nikaweka simu chini, na sikumwambia mtu yeyote kwa miaka 13.

Jumamosi iliyofuata swali la mjukuu wangu niliwaita wote watatu na nikawaeleza, kama nilivyokueleza wewe. Nilitazamia kwamba mjukuu wangu, aliyekuwa akiwatetea wanaokiri, ndiye angenielewa. Aliinamisha kichwa, akamaliza chai yake, akaaga. Jumamosi mbili hakuja. Kijana mrefu, yule aliyesema hataki kusikia habari za chumbani za mtu, alikuja Jumamosi ya kwanza peke yake. Akasema "Shikamoo, babu" kama siku zote, akakaa mahali pake, akaanza habari za Yanga.

Simlaumu mjukuu wangu. Mtu wa Compton akikiri dhambi zake, sisi wa Morogoro tunaweza kumpigia makofi kwa sababu hakuna kitu chetu kinachoanguka. Alikuwa na umri wa miaka 21 na alikuwa ameingia ualimu wa mawazo yake yote kwa kunitazama mimi. Niliuvunja mti aliokuwa ameuegemea, kisha nikatazamia asifu ujasiri wangu wa kushika shoka. Siku ile ndipo nilipoielewa vema lawama ya kijana mrefu, kwamba anayekiri hupata nafuu yake saa ileile, na anayesikia huanza saa ileile kubeba.

Binti alinipa lililo gumu zaidi. Nilimwambia kwamba nafikiri kuandika habari hii katika kitabu changu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, kitabu chako watakisoma wasiokudai. Wanaokudai wako wapi?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe la pili, lile nililompimia nalo msanii wa Marekani nikiwa nimekaa vizuri kitini.

Mwaka 2023, mvua zilipokatika, nilipanda basi hadi nyanda za juu, kisha pikipiki. Nilimkuta mjane wake akianika mahindi. Nilijitambulisha kuwa nilikuwa Mkuu wa chuo alichosoma marehemu mumewe. Akafurahi sana, akaleta kiti cha nyumba, akawaita jirani zake waje kuniamkia. Akaniambia kwamba marehemu alikuwa akinitaja mara kwa mara. Aliwaambia watoto wake kwamba Mkuu wake alikuwa mtu mkali lakini msafi, na kwamba alifukuzwa kwa haki, kwa hiyo wao wasiguse pombe. Hawakuigusa.

Jirani walipoondoka nikamwambia. Sijapata kusema maneno magumu kama yale. Nilimwambia juu ya kikao, juu ya zile wiki mbili, juu ya droo. Alisikiliza akiwa anachambua mahindi, na mkono wake haukusimama. Nilipomaliza alikaa muda mrefu, kisha akasema:

"Ungekuja akiwa hai."

Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe, nami sikumwuliza, maana nilikuwa nimekwisha kumwomba mengi. Alinipa maji ya kunywa. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa kuandika, na nikamwomba ruhusa. Alifikiri, akasema niandike, ila jina la marehemu nisilitaje, wala la kijiji, kwa ajili ya watoto. Kwamba baba yao alifukuzwa chuo wanajua, lakini haya mengine atawaambia mwenyewe siku atakayoona inafaa. Nimetii. Mke wangu naye nilimwuliza, na jibu lake lilikuwa fupi: "Andika yako. Yangu niachie." Ndiyo maana msomaji hataona hapa habari za miaka ile ndani ya nyumba yetu, ingawa zipo.

Sasa nina miaka 76, na bado sijui kama nilifanya vema kwenda. Mjane yule alikuwa na mume aliyefukuzwa kwa haki na Mkuu msafi; nilipoondoka alikuwa na mume aliyedhulumiwa na mlevi. Ukweli niliompelekea ulikuwa wake, nao ulikuwa umechelewa miaka 35. Ninaloweza kusema ni kwamba kukiri kuna wakati wake kama mbegu, na mimi niliuacha upite nikiwa na nguvu zote na nauli mfukoni.

Mjukuu wangu alirudi Jumamosi ya tatu. Hatukulizungumza jambo lile siku hiyo, wala miezi kadhaa baadaye. Siku hizi anafundisha shule moja ya sekondari mkoa mwingine, na akija likizo hukaa nami barazani. Likizo iliyopita alinieleza juu ya mwanafunzi wake mmoja aliyekutwa na kosa, na walimu wenzake wakitaka afukuzwe. Akaniuliza ningefanyaje. Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kuulizwa swali hilo.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, babu," alisema.

Tukalizungumza hadi bibi yake akaja kuwasha taa.